Stendi ya papi, kabati la plaiwudi, milango ya kuinama au benchi: viatu vyako vinataka kipi?

Wengi wanaotaka kujitengenezea mahali pa viatu huanza na picha. Wameona stendi imependeza mahali fulani, wameipenda rangi yake, basi mbao zinanunuliwa. Mimi nashauri uanze na viatu vyenyewe. Vitoe vyote, vipange sakafuni jozi kwa jozi, kisha chukua futi kamba. Utaona mara moja kwamba havilingani kimo wala urefu, lakini kuna jambo jingine kubwa zaidi: havirudi nyumbani katika hali moja. Vipo vinavyoingia vimelowa tope kila siku, na vipo vinavyotoka mara mbili kwa mwaka na kurudi vikiwa safi. Ukiniuliza nitengeneze stendi, kabati au benchi, swali langu la kwanza litakuwa hilo la hali, rangi tutaongea baadaye.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Kiatu cha mtu mzima cha namba 42 huwa na urefu wa sentimita 29 hadi 30 kikipimwa kwa nje, na cha namba 45 hukaribia 32. Jozi ya kike hukaa kwenye upana wa sentimita 20 hivi, ya kiume 22 hadi 25, ya mtoto 15 au 16. Raba na viatu vingine vya chini vinahitaji nafasi ya kimo cha sentimita 15 ili mkono nao upite, visigino virefu na buti za kifundoni 20, na buti ndefu 40 na zaidi. Andika una jozi ngapi za kila kundi. Orodha hiyo peke yake huwa inatosha kuondoa aina moja au mbili kati ya hizi nne.

Stendi ya papi au kabati la rafu bapa?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Stendi ya papi ni miguu minne, vipande vya kuunganisha mguu wa mbele na wa nyuma, na papi, yaani mbao nyembamba ndefu, zilizolazwa juu yake zikiwa zimeachana. Kabati la rafu bapa ni mbavu mbili za plaiwudi, rafu katikati, na pengine mgongo mwembamba kwa nyuma. Ukitaka zote mbili ziwe na upana wa sentimita 80 kwa ndani, kimo cha mita moja na ngazi tano, tofauti yake inaonekana tangu kwenye manunuzi.

Stendi itakula mita 19 hivi za papi za sentimita 4 kwa 2: miguu minne ya mita moja, vipande kumi vya ubavuni vya sentimita 30, na papi 15 za sentimita 80, yaani tatu kila ngazi. Skrubu zitafika 70. Kila mkato ni mdogo na msumeno wa mkono unatosha, ila mikato ni mingi, na kila skrubu inataka tundu lake. Kabati lina vipande saba tu, lakini vipande vyenyewe ni vikubwa, na ubao wa sentimita 30 kwa mita moja haukatiki sawa kwa msumeno wa mkono isipokuwa mkono wenyewe umezoea. Hapo ndipo ninapomshauri mtu asiye na mashine akatiwe kule kule anakonunua plaiwudi, akishafanya hesabu.

Na hesabu yenyewe inapendeza. Plaiwudi nzima huwa na sentimita 122 kwa 244. Ukichagua kina cha sentimita 30 unapata mistari minne mirefu, kwa kuwa nne mara 30 ni 120 na msumeno nao hula milimita 3 kila unapopita. Mstari wa kwanza unatoa mbavu mbili. Wa pili unatoa rafu tatu za sentimita 80. Wa tatu unatoa rafu mbili zilizobaki. Wa nne unabaki mzima. Uking'ang'ania kina cha sentimita 35 unapata mistari mitatu tu, na kinachobaki ni kipande chembamba cha sentimita 16 hivi kisicho na kazi ya maana. Kiatu cha namba 45 kitachungulia nje ya rafu ya 30 kwa sentimita mbili, na hakuna atakayejali. Usifuate kina cha 35 kwa ajili ya jozi moja.

Sasa kwenye matumizi. Stendi inapitisha hewa pande zote, pamoja na chini ya soli, sehemu ambayo kiatu kilicholowa huchelewa kukauka. Rafu bapa huzuia hewa hiyo, na kiatu kibichi kikilala juu ya plaiwudi usiku mzima huacha alama na baadaye ukungu. Lakini wauzaji wa stendi hawakuambii upande wa pili: mchanga wa kiatu cha juu unapita kwenye mianya na kuangukia kiatu cha chini. Rafu bapa inaudaka, unaufuta kwa kitambaa, basi. Dawa ya stendi ni mpangilio tu. Viatu vya matope vikae ngazi ya chini kabisa, na chini yake kuwe na sinia au kipande cha mpira cha kukusanya uchafu.

Mwanya kati ya papi na papi usizidi sentimita 5. Ukizidisha, kisigino chembamba kinazama na viatu vya mtoto vinaanguka. Usiubane sana pia, maana chini ya sentimita 2 ni rafu bapa yenye nyufa: uchafu unanasa na kitambaa hakiingii.

Kuna dai moja ninalosikia kila mara, kwamba rafu ya kuinama inaokoa nafasi. Pima uone. Kiatu cha sentimita 30 kikilazwa kwa mwinamo wa nyuzi 20 kinachukua kina cha sentimita 28 na ushee. Umeokoa chini ya sentimita 2. Upande wa kimo, ncha yake ya nyuma imepanda sentimita 10 juu ya ile ya mbele, kwa hiyo kwenye ngazi ya chini au ya juu kuna sentimita 10 umezipoteza. Mwinamo una faida nyingine: unaona kiatu chote bila kuinama. Kama stendi yako ni fupi na iko chini ya usawa wa kiuno, mwinamo una maana. Kama inafika kifuani, rafu za juu ziache bapa. Na ukiinamisha, weka kizuizi cha sentimita 2 mbele, la sivyo viatu vyenye soli laini vitateleza kila mlango unapobamizwa.

Uimara ni hadithi nyingine. Stendi isiyo na mgongo hupenda kuyumba kulia na kushoto, hata skrubu zikiwa zimekazwa vizuri. Hilo si kosa la mbao. Umbo la pembe nne halina kinachozuia pembe zisifunguke. Papi moja iliyopigwa kwa mshazari nyuma, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, humaliza maneno. Kabati la plaiwudi hupata uimara huo kutoka mgongo wa milimita 6, ambao pia hukusaidia kunyoosha kabati zima kabla ya kulifunga. Pima kwa mshazari kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, pembe zako ni mraba. Vikitofautiana, sukuma kona za mshazari ulio mrefu zikaribiane mpaka vilingane, kisha ndipo ukaze mgongo.

Kwa nyumba ambayo viatu vinaingia vikiwa na maji na vumbi, mimi nachagua stendi bila kufikiri mara mbili. Kwa viatu safi vya chumbani, kabati la rafu bapa ni bora, na mstari ule wa nne wa plaiwudi unaweza kugawa rafu moja kuwa vyumba vya jozi moja moja.

Kabati jembamba la milango ya kuinama

Hili ndilo pekee linalookoa kina kwa kweli, kwa sababu viatu vinakaa karibu wima. Lenye mstari mmoja wa viatu linaweza kusimama na kina cha sentimita 18 hivi, la mistari miwili kama 24 au 25. Kwenye korido ambayo watu wawili hawapishani, tofauti kati ya 18 na 30 ni tofauti kati ya kupita na kukwaruza bega.

Lakini sifa hiyo ina bei yake. Kila mlango una kimo cha sentimita 35 hadi 40, unazunguka kwa chini, na unabeba viatu vyote vya chumba chake unapofunguka. Fremu ikipinda milimita 3 tu, mlango unasugua jirani yake. Kwenye stendi, milimita 3 hizo zisingeonekana na mtu. Ukinunua vile vikombe vya plastiki vinavyotengenezwa kwa kazi hii, na vikaja na vipimo vyake, fuata vipimo hivyo kabla hujakata ubao wowote. Ukitaka kubuni mwenyewe kwa kijiti cha kuzungukia na mnyororo wa kuzuia mlango usianguke, tengeneza kwanza mlango mmoja kwa mabaki ya mbao, weka kiatu kikubwa kuliko vyote ulivyo navyo, fungua na kufunga. Kiatu hicho ndicho kitakachokuambia kama kina kinatosha.

Buti hazimo humu. Visigino virefu huingia kwa taabu. Viatu vilivyolowa visiingie kabisa, hata ukitoboa matundu ya hewa mgongoni (na utoboe).

Jambo ambalo halina mjadala: kabati hili lazima lifungwe ukutani. Lina kimo cha zaidi ya mita na kina cha shibiri moja, na milango miwili ikifunguliwa pamoja uzito wote unakuja mbele. Mtoto akiushika mlango ajivutie, linamwangukia. Skrubu mbili zenye plagi zake karibu na ncha ya juu zinatosha kwenye ukuta wa tofali. Ukuta wa bodi unataka uzipate nguzo za ndani. Kama hapo unapoishi huruhusiwi kutoboa ukuta, aina hii imejiondoa yenyewe.

Benchi

Benchi hubeba viatu vichache kuliko zote. Kwa urefu wa mita moja na ngazi mbili, utapata jozi kumi za kike au nane za kiume. Faida yake ni kwamba unakaa unapofunga kamba, na kwa mzee au mtu mwenye maumivu ya mgongo jambo hilo linazidi hesabu ya jozi.

Kimo cha kukalia kiwe sentimita 45. Ukitoa unene wa kiti na miguu midogo ya chini, ngazi mbili zitapata kama sentimita 17 au 18 kila moja, kwa hiyo buti za kifundoni zitabanwa.

Tofauti kubwa na aina nyingine ni mzigo. Jozi ya viatu haifiki kilo moja mara nyingi, buti labda kilo moja na nusu, ndiyo maana rafu ya plaiwudi ya milimita 18 yenye urefu wa sentimita 80 haikusumbui. Kiti cha benchi kinabeba mtu, tena mtu anayejitupa. Ukirefusha ubao mara mbili kwa mzigo ule ule wa katikati, unabonyea mara nane. Ukiongeza unene mara mbili, kubonyea kunashuka hadi sehemu ya nane. Kwa hiyo kwa benchi la mita moja, usitegemee ubao mtupu. Weka ukuta wa kugawa katikati, au ubao wa sentimita 7 uliosimamishwa wima chini ya ukingo wa mbele. Ukuta wa katikati ni rahisi zaidi na hugawa viatu vya huyu na yule, kwa hiyo ndio ninaoupendelea.

Kwa haraka, vipimo vya aina zote nne vikiwekwa pamoja:

| | Kina (sm) | Jozi kwa upana wa sm 80 | Viatu vibichi | Kufungwa ukutani |
|---|---|---|---|---|
| Stendi ya papi, ngazi 5 | 30 | 15 hadi 20 | Ndiyo, ngazi ya chini | Ikizidi kimo cha mita |
| Kabati la rafu bapa | 30 | 15 hadi 20 ukitumia na juu | Hapana | Ikizidi kimo cha mita |
| Milango ya kuinama, 3 | 18 hadi 25 | 9 hadi 12 kwa mstari mmoja | Hapana | Lazima |
| Benchi, ngazi 2 | 30 hadi 35 | 6 hadi 8 | Ngazi ya chini | Hapana |

Mbao gani?

Mbao halisi, tuseme msonobari, ni nzuri kwa papi na miguu. Inakatika kirahisi, inashika skrubu, na ikilowa inakauka bila kuharibika. Tabia yake mbaya ni kutanuka na kusinyaa upande wa upana kadiri hewa inavyobadilika unyevu. Kwenye papi ya sentimita 4 hulioni. Kwenye rafu ya sentimita 30 iliyounganishwa kwa mbao halisi linaonekana, kwa nyufa au kwa kupinda. Mbao zilizotoka kuhifadhiwa nje zilaze ndani ya nyumba wiki mbili hivi kabla ya kuzikata, zizoee hewa ya humo. Mtiki na mbao nyingine ngumu zinadumu zaidi, ila ni nzito, zinachosha msumeno, na kwa kubeba raba ni anasa.

Plaiwudi haitanuki wala kusinyaa kwa kiasi hicho, kwa kuwa tabaka zake zimepishana nyuzi. Ndiyo ya kabati na ya benchi.

MDF, yaani ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inapendeza ikipakwa rangi, na kwa milango ya kuinama uso wake laini ni faida. Mahali pengine kwenye kazi hii siipendi. Ikinyonya maji inavimba na hairudi, na viatu ni vitu vya kuleta maji. Kwenye ukingo wake skrubu bila tundu huipasua kama kitabu kinachofunguka. Vumbi lake ni laini sana na lina gundi ndani yake, kwa hiyo barakoa si ya hiari. Tena inabonyea kuliko plaiwudi ya unene huo huo, basi rafu zake ziwe fupi. Chipubodi, ile ya chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ina kasoro hizo zote na haina ule uso.

Mbao za paleti ni za bure au karibu na bure, na kwa stendi zinafaa. Tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilitiwa joto mpaka kiini kikafika nyuzi 56 za selsiasi kwa dakika 30. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, hizo ziache. Isiyo na muhuri, au yenye doa la mafuta na harufu usiyoielewa, iache pia. Na toa misumari yote kabla msumeno haujaigusa.

Skrubu, gundi au mifereji

Kwa mtu wa mara ya kwanza: skrubu na gundi nyeupe ya mbao. Msumari peke yake hulegea kwa sababu stendi ya viatu inasukumwa na mateke kila siku. Papi za sentimita 2 zinazolala juu ya kipande cha unene huo huo zinataka skrubu ya milimita 35, maana ya 40 itatokeza ncha upande wa pili. Ubavu wa plaiwudi ya milimita 18 kuingia kwenye ukingo wa rafu unataka ya milimita 50. Zote unene wa milimita 4, tundu la kutangulia milimita 2.5 au 3.

Tundu hilo watu hulidharau. Papi ya msonobari ikipigwa skrubu sentimita 2 kutoka kwenye ncha yake bila tundu, utausikia mlio mdogo kabla hujauona ufa, na ufa huo utafuata nyuzi mpaka ncha. Ukitoboa kwanza, na ukapanua kidogo mdomo wa tundu ili kichwa cha skrubu kizame, papi hiyo hiyo inakaa kimya.

Skrubu inayoingia kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi zinapoishia, hushika kwa udhaifu. Ndiyo sababu rafu za kabati zinafaidika na mifereji: ukichimba mfereji wa kina cha milimita 5 au 6 kwenye ubavu na rafu ikakaa humo kwa gundi, uzito unabebwa na mbao yenyewe. Lakini mfereji unataka mashine au patasi na subira, na kwa uzito wa viatu si lazima. Kipande cha papi kilichopigwa chini ya rafu, ubavuni, kinafanya kazi hiyo hiyo. Hakipendezi sana. Kwa ngazi za chini hakionekani.

Rangi, vanishi au mafuta

Piga msasa wa namba 120, kisha 180, ukifuata nyuzi. Kwa stendi inayopokea viatu vibichi, vanishi ya maji tabaka mbili au tatu ndiyo chaguo langu, na ncha za miguu zipewe tabaka moja zaidi kwa sababu ndizo zinazokunywa maji ya kudekia. Mafuta ya kitani yanaipa mbao sura nzuri kuliko chochote na yanarekebishika kirahisi, lakini kinga yake dhidi ya maji ni ndogo, na vitambaa ulivyopakia vikirundikwa pamoja vinaweza kujipasha joto hadi kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja kabla ya kuvitupa.

Rangi ya maji hufunika kasoro zote, na MDF haina budi kuipata, ukingo wake ukitangulizwa praima. Ila ikikauka kwa kuguswa haijawa ngumu bado. Soli ya mpira ikiwekwa juu ya rangi ya juzi hugandamana nayo, na ukikinyanyua kiatu unabandua na rangi. Ipe wiki mbili tatu. Ukishindwa kungoja, tandika karatasi chini ya raba kwa muda huo, na viatu vya soli ya ngozi vitangulie.